Mwongozo kwa Mtoto wa Pinga Anayetaka Kusomea Kuchimba

Umemaliza sekondari, diploma ya Serikali unayo mkononi, na badala ya udaktari au sheria umeamua kusomea akiolojia. Pole. Kabla hujafunga mzigo, soma haya.

Kuiarifu familia. Usithubutu kusema unakwenda kujifunza kuchimba. Hapa Pinga, Kivu ya Kaskazini, Masisi inapokutana na Walikale, hakuna aliyewahi kulipia masomo ili ajue kuchimba. Baba mkubwa atakuuliza: "Utachimba nini, mwanangu? Dhahabu, koltani ama kasiterite?" Ukijibu kwamba ni vigae vya vyungu, atamgeukia mama yako na kuuliza ni nani aliyekuloga. Sema unasomea historia. Hutakuwa umedanganya, katika vyuo vyetu akiolojia mara nyingi huingilia mlango huo.

Kuchagua chuo. Lubumbashi iko nchini mwako, lakini barabara ya kukufikisha huko ni ya kuota. Dar es Salaam wanafundisha akiolojia tangu 1985. Huko, baada ya miaka yote uliyohangaika na Kifaransa, utasoma kwa Kiingereza. Kiswahili chako kitakufaa kuagizia chakula.

Darasani. Utaelezwa habari za mkoa wako na watu wasiowahi kuukanyaga. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, hapa hapa Kivu ya Kaskazini, akapata mfupa wa sentimeta kama 10 wenye mikato 168 katika safu tatu. Wapo wanaosema ni hesabu, wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi, na wapo wanaosema mikato ilichongwa ili mkono usiteleze. Kwenye mtihani taja dhana zote tatu. Mwanzoni mfupa ulikadiriwa umri wa miaka kama 10,000; baadaye ukapandishwa hadi kama 20,000. Jaribu wewe kujiongezea umri namna hiyo kwenye kadi ya mpiga kura! Mfupa wenyewe uko Brussels. Kwenda kuutazama kunahitaji viza.

Kazi ya shambani. Mchimbaji wa kasiterite hushuka ardhini kwa sururu akitafuta mshipa wa madini. Wewe utapiga magoti na brashi, na juma litaisha umeshuka urefu wa kiganja. Kila kitu utakiandika: kina chake, rangi ya udongo, kililala karibu na nini. Kigae kilichokutwa kando ya mkaa kinaweza kujulikana umri wake, kwa kuwa mkaa hupimwa kwa radiokaboni. Kigae hicho hicho kikiletwa sokoni mfukoni mwa mtu kimebaki kipande cha chungu, hata kiwe kizuri namna gani.

Kabla ya yote hayo, pita kwa mwami, yaani chifu wa eneo. Mwenye shamba ataamini umegundua hazina ya babu yake. Wenye silaha nao watakuja kukagua mnachotoa. Waonyeshe vigae vyote, polepole, kimoja kimoja, pamoja na namba zake. Kesho yake hawatarudi.

Ajira. Jumba jipya la Makumbusho ya Taifa lilifunguliwa Kinshasa mwaka 2019. Ni moja. Wahitimu ni wengi kuliko viti vyake.

Kama umesoma mpaka hapa na moyo haujarudi nyuma, basi nenda. Shimo la madini linapofunguliwa, udongo wa juu hutupwa pembeni, na ushahidi wa waliotutangulia hutupwa pamoja nao. Hakuna maabara itakayourudisha. Wa kusimama hapo na daftari kabla ya sururu ni mtu anayemjua mwami, anayezijua njia za msituni, na asiyehitaji viza ili afike Pinga. Jiandikishe. Kwa baba mkubwa, endelea kusema ni historia.