Jebera za Bluu

Shangazi wa bibi harusi, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya mapambo, ametoa amri: ukumbi ujae jebera, na jebera ziwe za bluu. Mimi mjomba mtu, ambaye kwenye kamati hiyo cheo changu ni mdaiwa wa mchango, nikaagizwa Kariakoo.

Nilijaribu kujitetea. Jebera ni maua ya porini, jamii moja na alizeti, tena ya Kiafrika kwelikweli. Haya ya madukani asili yake ni Barberton, Afrika Kusini. Wazungu wakayabeba, wakayachanganya, yakatoka mekundu, ya njano, ya chungwa, ya waridi. Nduguze wengine wanajiotea kwenye nyasi za nyanda zetu za juu, bila kikao wala mweka hazina. Lakini bluu? Ukoo mzima hayumo.

“Mjomba,” akanikatisha, “Mungu asipoweka, Kariakoo wanaweka.”

Kinachoniuma ni kwamba kweli wameweka. Mtaa wa Kongo, saa saba mchana, mkokoteni unakugonga kiuno na mwenye mkokoteni anakufokea kwa kuwa na kiuno. Kijana wa maua ya plastiki hata hakushtuka.

“Karibu mzee wangu! Bluu ipi? Ya bahari, ya anga au ya sketi za shule ya msingi?”

Akanitolea ua moja. Limetoka Uchina kwenye kontena, limedondoshewa gundi ili uone umande. Shina lina waya ndani: ukilikunja linakaa ulivyolikunja, tabia ambayo sijawahi kuiona kwa ua wala kwa mpwa. Nikatafuta kasoro ya kushushia bei.

“Halinukii hili.”

“Mzee, jebera hata ya shambani hainukii.”

Ni kweli. Nimesoma habari za maua haya wiki nzima nije kubishana, halafu ananifundisha kijana aliyekaa juu ya robota la mapazia. Bei haikushuka hata shilingi. Eti ya jumla hiyo.

Nikampigia Shangazi kumpa taarifa. Akashukuru sana, akauliza kama naweza kuongeza dazeni moja, zile fupi, zinazoenea kando ya televisheni.

Hapo ndipo nikakumbuka makochi yake mapya ni rangi gani.