Jeni Saba Zisizokubali Nusu kwa Nusu

Shuleni tulifundishwa sheria moja nzuri ya urithi: jeni ikiwa na nakala mbili tofauti mwilini, kila nakala hupata nusu ya mayai au nusu ya mbegu za kiume. Hakuna upendeleo, hakuna kujuana. Lakini jeni ikipata njia ya kupita kwa watoto wote badala ya nusu, itaenea, hata kama mwili unaoibeba unaumia. Richard Dawkins, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1941, ndiye aliyelitangaza kwa umma wazo kwamba uteuzi asilia huhesabu nakala za jeni, si raha ya mwenye mwili. Kitabu chake, The Selfish Gene, kilitoka mwaka 1976.

Hawa saba wamelichukua wazo hilo bila utani. Tunaanza na mwenye adabu kidogo, tunamalizia na aliye ndani ya kila mmoja wetu.

7. Alu, mgeni wa kudumu

Miaka ya 1940, Barbara McClintock alichunguza punje za mahindi zenye madoadoa huko Marekani, akagundua kwamba baadhi ya vipande vya DNA huhama kutoka mahali pamoja pa kromosomu kwenda pengine. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983. Leo tunajua kuwa karibu nusu ya DNA ya binadamu ni vipande vya ukoo huo au mabaki yake. Kimoja, Alu, kina nakala zaidi ya milioni moja ndani yetu. Hata mtambo wa kujinakili hana. Huazima wa kipande kingine kiitwacho LINE-1.

*Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alu amekaa mamilioni ya miaka, na jembe bado limeegemea ukuta.*

6. Mitokondria, mhasi wa maua

Katika mimea mingi mitokondria hurithiwa kwa mama tu. Hupita kwenye mbegu, haipiti kwenye chavua. Kwa hiyo chakula chote kinachotumika kutengeneza chavua, kwake ni hasara. Katika aina nyingi za mimea zimepatikana jeni za mitokondria zinazoiua chavua ili mmea ubaki jike tupu. Wazalishaji wa mahindi chotara walishangilia, maana kazi ya kung'oa mbelewele kwa mkono ilikwisha. Marekani ikajaza mashamba yake mahindi yenye mitokondria ya aina moja, iliyotokea Texas. Mwaka 1970 kuvu wa baka la majani akaingia. Sumu yake iliishambulia protini ileile ya mitokondria iliyokuwa ikiua chavua, na takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi ikapotea.

*Ukimwajiri mhasi, mkague mifuko kabla hajaingia shambani.*

5. SD, mla ndugu zake

Mwaka 1956 huko Wisconsin, Yuichiro Hiraizumi alikuwa akichunguza nzi wa matunda waliokamatwa porini, akakuta madume ambayo hesabu zake zilikataa. Kromosomu yenye jeni iitwayo SD ilitakiwa kufika kwa nusu ya watoto. Ilifika kwa zaidi ya asilimia 95. Siri yake ni kwamba SD huvuruga namna DNA inavyofungashwa ndani ya mbegu ndugu zisizokuwa nayo, nazo zinashindwa kukomaa. Panya wa nyumbani wana mwenzake aitwaye t, ambaye naye huweza kufika kwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa dume. Ila panya akimrithi t kutoka kwa baba na mama pia, mara nyingi hufa kabla ya kuzaliwa. Dume akinusurika, huwa tasa.

*Humshinda kila mpinzani, mpaka siku anapokutana na nafsi yake.*

4. Medea, muuza dawa

Huyu anaishi ndani ya kidudu chekundu cha unga, yuleyule anayetembea kwenye debe lililosahauliwa stoo. Watafiti walimweleza mwaka 1992 na kumpa jina la mama wa hadithi za Kigiriki aliyewaua wanawe. Mama mwenye Medea hutia sumu katika kila yai. Watoto waliomrithi Medea wana kiondoa sumu. Wasiomrithi hufa wangali wachanga. Medea hamwongezei mama hata mtoto mmoja. Anawapunguza tu wasio wake.

*Dawa yake inafanya kazi kweli. Shida ni kwamba aliyeitengeneza ndiye aliyeleta ugonjwa.*

3. Wauaji wa madume

Hawa ni bakteria wanaoishi ndani ya seli, lakini wanastahili nafasi hapa kwa sababu hurithiwa kama jeni: mama huwapitisha kupitia mayai. Ndani ya mtoto wa kiume wamefika mwisho wa njia, basi humuua mapema, na dada zake hubaki na chakula kingi zaidi. Nchini Uganda, vipepeo wa Acraea encedon waliwashangaza wataalamu tangu miaka ya 1960 kwa sababu sehemu nyingine karibu wote walikuwa majike. Baadaye bakteria wa Wolbachia akabainika kuwa ndiye mhusika. Madume yamekuwa adimu kiasi kwamba majike hukusanyika mahali pamoja kuyasubiri. Karibu na Nairobi, bakteria wa Spiroplasma hufanya vivyo hivyo kwa kipepeo Danaus chrysippus.

Kisa cha Samoa ndicho kinachonipa moyo. Mwaka 2001, kati ya vipepeo wa Hypolimnas bolina visiwani humo, madume yalikuwa asilimia 1 tu. Mwaka 2006 yalifika karibu asilimia 40. Bakteria hakuwa ameondoka. Ilikuwa imeenea jeni ya kipepeo mwenyewe inayomzuia asiue.

*Asilimia 99 haijawahi kuwa dhamana ya kubaki madarakani.*

2. PSR, mteketezaji

Kwa nyigu mdogo Nasonia vitripennis, yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume. PSR ni kromosomu ya ziada inayosafiri ndani ya mbegu ya dume. Ikishaingia kwenye yai, inaziharibu kromosomu nyingine zote za baba zilizokuja nayo na kubaki yenyewe. Yai lililokuwa liwe jike linageuka dume, na dume hilo linaibeba PSR kwenda kufanya yaleyale. Kila kizazi inaua jeni zote zilizoisafirisha.

*Abiria anayechoma basi kila kituo, na bado anafika aendako.*

1. Baba na mama, tumboni

Namba moja haihitaji nyigu wala nzi. Jeni iitwayo IGF2 huhimiza mtoto akue tumboni. Nakala uliyopata kwa baba husomwa kwa sauti. Ile ya mama imenyamazishwa. Mwanabiolojia David Haig ameeleza sababu: jeni za baba hazina fungu katika watoto ambao mama huyo anaweza kumzalia mwanamume mwingine, kwa hiyo zinafaidika mtoto huyu akivuta chakula kingi sasa. Za mama zina fungu katika watoto wake wote, hivyo humwekea akiba anayefuata.

Kwa panya ushahidi uko wazi. Ukiondoa Igf2 ya baba, mtoto huzaliwa na takriban asilimia 60 ya uzito wa kawaida. Ukiondoa jeni ya upande wa mama inayoipunguza nguvu, Igf2r, mtoto huzidi kimo na kwa kawaida hufa. Ukiziondoa zote mbili, mtoto kwa kawaida huokoka. Kumbe uzito wa kawaida ni mahali ambapo wavutanao wamelingana nguvu.

*Huu ni ugomvi wa ndoa uliokutangulia kuzaliwa, na umetoka nao salama.*

Kwa nini basi bado tunatembea?

Kwa sababu kila jeni laghai imezungukwa na maelfu ya nyingine zinazopata hasara mwili ukiumia, na yoyote inayoizuia inafanikiwa. Mwaka 1971 mwanabiolojia Egbert Leigh aliziita bunge la jeni. Nusu kwa nusu tuliyofundishwa shuleni inalindwa kila kizazi.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2018, wanasayansi wa Imperial College London waliweka jeni ya kujieneza namna hii ndani ya Anopheles gambiae waliofungiwa, na mbu wakatoweka ndani ya vizazi 7 hadi 11. Wenzao wa Taasisi ya Afya Ifakara wanafanya kazi juu ya mbu waliobadilishwa jeni katika maabara ya Bagamoyo. Nawatakia mafanikio, kwani malaria imetuzikia watoto wengi mno. Lakini kabla mbu kama huyo hajaachiwa, wananchi wana haki ya kuuliza bunge la jeni za mbu litapitisha sheria gani dhidi yake. Samoa ilichukua miaka mitano tu kujibu.