Askari wa Mkaa

Barua ya kuachishwa kazi ilikuwa na adabu mno. Nilisoma aya mbili za shukrani, nikaanza kutabasamu, ndipo nikafika kwenye aya ya tatu. Masika yalikuwa yameingia, wageni wametoweka, na hoteli haikumhitaji tena mhasibu wa kuhesabu vitanda vitupu.

Kukosa kazi kunavumilika. Wasiovumilika ni watu wema. Mjini kila baraza ina mtu wa kukuuliza, "Jee, umepata?" kwa sauti ile ya kumjulia hali mgonjwa aliyekatiwa tamaa. Nikapanda daladala la Makunduchi, nikashuka Pete kwa shangazi yangu, ubavuni mwa msitu wa Jozani. Nilikuwa nimesikia kwamba msitu hutuliza moyo. Aliyesema hivyo hajalala jirani na perere, mnyama mwenye kimo cha sungura anayepiga kelele usiku kama mtu aliyefumaniwa.

Shangazi alinivumilia siku chache nikiwa nimejikunyata barazani, kisha akanipa kazi.

"Mwanangu, nilindie polo la mkaa. Kima wananiibia."

Nikadhani ni mzaha wa kunifariji. Mkaa! Mie mwenye stashahada!

Wakaja kweli, kima punju, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama kichwani. Hawa asili yao ni Unguja tu duniani kote, na wanajua. Barabara inayopita hapo imewekewa matuta ili wasigongwe na magari. Mie hata kiinua mgongo sikupewa. Mmoja alishuka kwenye mkungu, akanitazama kama anayesoma wasifu wangu, akachukua kipande cha mkaa na kurudi juu kukitafuna taratibu. Kidole gumba hana, amebakiwa na kinundu tu cha ukumbusho, lakini kwa wizi hahitaji msaada.

Si uchu wala ukorofi. Majani ya mikungu na miembe wanayoyapenda yana kemikali za kuvuruga tumbo, na mkaa huzinasa zisiwadhuru. Mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake waliandika juu ya jambo hili mwaka 1997, na inaelekea watoto hujifunza kwa kuwatazama mama zao. Matunda yaliyoiva hawayagusi, wanataka mabichi. Nikajiuliza ni nani kati yetu aliyesoma.

Nilijaribu fimbo. Nilijaribu kupiga sufuria. Nilijaribu kuwakemea kwa ile sauti niliyokuwa nikiwatolea wanaochelewesha risiti. Mama mmoja alimgeuza mtoto wake anione vizuri. Hatimaye nikafanya ninachokijua, nikafungua daftari: mkaa ulioingia, uliotumika kwenye seredani, ulioibwa, jina la mhusika. Majina niliwapa ya wakubwa wangu wa zamani, maana mwenendo ulifanana. Nilikuwa nikiamka alfajiri kuwawahi, na kutwa nzima sikukumbuka kujihurumia, kwa sababu nilikuwa na hesabu za kufunga. Wala msituni hakuna aliyeniuliza kama nimepata.

Shangazi alilipitia daftari akiwa amevaa miwani, ukurasa kwa ukurasa.

"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini mbona wanaiba zaidi tangu uje?"

Nikaeleza kwamba zamani wizi haukuwa ukirekodiwa. Akanitazama juu ya miwani. Nilikwishaiona hali hiyo kwenye vikao.

Wiki hiyo hiyo akapita mwongoza watalii na wageni wake, wakanikuta na fimbo chini ya mkungu, na juu yangu ukoo mzima unatafuna ushahidi. Mgeni mmoja akapiga picha, akauliza kama huyu askari ni mwajiriwa wa kudumu. Kabla sijafungua kinywa, shangazi akajibu kutoka jikoni:

"Hapana! Bado yuko kwenye majaribio!"

Nikaangua kicheko hadi fimbo ikanidondoka, na kima wote wakatimka. Ilikuwa mara ya kwanza kitu changu chochote kuwatisha. Nikakiandika daftarini.