Kutoka ya 8 Hadi ya 1: Nafasi Moja Doha Ilikuwa na Bei Gani?

Wadau wa gemu mnaobishana kila siku kuhusu nafasi na mkwanja, njooni Uwanja wa Khalifa, Doha, kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha ya 2019. Kila mchezo wa mtu mmoja mmoja ulikuwa na fungu la dola 150,000 kwa wanane bora. Tuhesabu tukirudi nyuma, fedha zikipanda.

8, 7, 6. Dola 4,000, 5,000, 6,000. Ukimpita mwenzako hapa, umeongeza elfu moja tu. Jasho ni lilelile, jamani! Na wa 9? Hata senti hapati. Alphonce Simbu wa Tanzania alimaliza marathoni ya Doha nje ya wanane bora. Mwaka 2025, kwenye mashindano hayahaya mjini Tokyo, alimpiku Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 akaondoka na dhahabu na dola 70,000. Petros akapata nusu yake.

5. Dola 10,000. Hellen Obiri, mita 10,000. Wiki moja baadaye, Obiri huyohuyo akashinda mita 5,000 kwa 14:26.72 na kulamba 60,000. Asiyeziona mbio, akisoma safu ya mapato peke yake, atadhani ni wanawake wawili tofauti. Msimpime mtu kwa hundi moja, awe mkimbiaji au mcheza gemu!

4. Dola 15,000, medali hakuna. Muulizeni Winnie Nanyondo wa Uganda, wa nne mita 800 huku Mganda mwenzake Halimah Nakaayi akivishwa dhahabu. Ningepewa fungu nigawe upya, ningeanzia hapa.

3. Dola 20,000. Ferguson Rotich, mita 800. Hongera, twende.

2. Dola 30,000. Faith Kipyegon alikimbia mita 1,500 kwa 3:54.22, rekodi mpya ya Kenya, akalipwa nusu ya alichopata mshindi, Sifan Hassan. Fedha hufuata nafasi, saa haiulizwi. Na msidhani kwenye gemu kuna huruma! Agosti mwaka huohuo, Shanghai, mashindano ya Dota 2 yaitwayo The International yalikuwa na fungu la zaidi ya dola milioni 34. OG, mabingwa, walichukua asilimia 45.5, Team Liquid, wa pili, asilimia 13. Riadha ilitoa 40 na 20. Yaani wa pili Doha alipata nusu ya bingwa, wa pili Shanghai hakufikia hata theluthi. Ngazi ya gemu ina mwinuko mkali zaidi, na mimi naona ni mkali mno.

1. Dola 60,000. Mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Oktoba 4. Lamecha Girma wa Ethiopia, kijana wa miaka 18, anaongoza na mstari anauona. Conseslus Kipruto anamfikia mita za mwisho kabisa, anatupa kifua mbele. 8:01.35 kwa 8:01.36! Girma ameweka rekodi ya nchi yake na amekosa dola 30,000 kwa sekunde 0.01. Siku mbili baadaye, Timothy Cheruiyot akashinda mita 1,500 akimwacha Taoufik Makhloufi wa Algeria kwa zaidi ya sekunde mbili. Tofauti ya malipo yao? Dola 30,000 zilezile.