Baraza Linavuja Tu

Mafundi wa Tarime mjini wanaipenda Jumapili kuliko wachungaji. Ofisi za halmashauri zimefungwa, afisa mipango miji yuko kanisani, na zege linamwagwa kwa amani. Fundi Msabato, ambaye Jumamosi hagusi mwiko, Jumapili hufidia kwa kasi ya kutisha. Shemeji yangu alimpata wa aina hiyo.

Tatizo lake lilikuwa baraza linalovuja. Fundi alipanda ngazi, akagongagonga mbao, akashuka akisikitika. "Mura, hapa hakuna cha kuziba. Tusogeze ukuta mbele kidogo." Nani angekataa kidogo? Jumatatu asubuhi tulikuta baraza limekuwa fremu mbili za duka zinazotazama barabara, na msingi wa fremu ya tatu umechimbwa mlangoni pa choo. Ukitaka kwenda haja, unaruka.

Mchana wakaja watu wa halmashauri na kopo la rangi nyekundu: X kubwa, na chini yake SIMAMISHA UJENZI. Bibi aliiona, akauliza mjukuu wake amefeli somo gani. Majirani walileta sukari na unga wa kutoa pole. Fundi, mtu asiyeishiwa mbinu, akapanda mgomba mbele ya ile X. Mgomba ulistawi vizuri mpaka ng'ombe wa jirani alipoula, siku chache kabla ya maofisa kurudi.

Shemeji alijitetea kwamba huo ni ukarabati tu. Nimelisikia neno hilo likifunika hata ghorofa. Ukipaka rangi, ukibadilisha bati lililotoboka, ukiziba ufa wa plasta au ukifunga kitasa kipya, hakuna atakayekusumbua. Ukivunja ukuta unaobeba paa, ukiongeza chumba, ukijenga uzio au ukichimba shimo jipya la choo, kibali cha ujenzi kinahitajika kabla tofali la kwanza halijashuka kwenye gari. Na ukigeuza nyumba ya kulala kuwa duka, unaongeza ombi la kubadili matumizi, kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Shemeji alikuwa ameyafanya karibu yote hayo akiwa anaziba baraza.

Kwa walio kando ya barabara kuu ya Sirari, nawaongezea jambo moja. Sheria ya Barabara, nayo ya 2007, ilipanua hifadhi ya barabara hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Humo ndani, fremu yako ni ya kuvunjwa hata iwe na marumaru.

Shangazi yangu anaishi wilayani Serengeti, kwenye kijiji kinachopakana na hifadhi. Huko mkaguzi wa majengo ni tembo. Akinusa mahindi ndani ya jiko lako, anabomoa usiku huohuo, bila X wala notisi. Kwa shamba lililoliwa kuna kifuta jasho cha serikali. Kwa ukuta wa jiko, shangazi alijifuta mwenyewe.

Halafu kuna Nyamongo, karibu na mgodi wa dhahabu, walikobuni tegesha: nyumba inayoinuliwa chapuchapu, bati juu ya miti myembamba, ili mthamini wa fidia aikute imesimama. Nadhani ndiyo majengo pekee wilayani Tarime yanayojengwa kwa hamu ya kuonwa na ofisa.

Tuliporudi kwenye njia iliyonyooka, tuliambiwa tuombe kupitia mfumo wa Tausi. Bibi akauliza ndege huyo analishwa nini. Alilishwa hati ya kiwanja, michoro na ada. Michoro ikapita kwa afisa mipango miji, kwa mhandisi, kisha kwa afisa afya, aliyetaka kujua choo kinafikiwa vipi. Tulimwonyesha ule mruko. Hakucheka.

Msingi wa fremu ya tatu umefukiwa na fremu mbili zimepata kibali, baada ya faini iliyozidi bei ya bati zote za baraza. Fundi alishahamia Sirari, na mvua za masika zimeanza. Wewe unayesoma hapo Tarime, kama unamjua fundi anayeweza kuziba tundu moja akaondoka, tafadhali mlete. Baraza bado linavuja.