Ndoo

Jumanne, 11 Februari

Tumetua Manda saa saba mchana. Kiwanja cha ndege kiko kisiwa kimoja na mji wa Lamu uko kisiwa kingine, kwa hiyo abiria hushuka moja kwa moja hadi gatini kupanda boti. Tukiwa katikati ya mkondo, binti yangu, mwenye miaka miwili na miezi mitatu, alitupa kiatu cha kushoto baharini. Nahodha alipunguza mwendo, akageuza boti, akakitafuta. Kilikuwa kimeshazama. Alitupa pole mara tatu, kama aliyekitupa ni yeye.

Mume wangu alikuwa ameweka nafasi ya chakula cha jioni kwenye hoteli nzuri huko Shela, saa moja na nusu, kwani ndipo jiko linapofunguliwa. Kwetu Temeke mtoto hula saa kumi na mbili, na saa mbili amelala. Tulilijua hilo, tukadhani safari itamchangamsha. Hadi saa mbili na robo, mezani palikuwa na mkate, siagi na kibakuli cha achari ya embe. Alikula achari. Pilipili ilipomwasha alilia, akanywa maji yangu ya ndimu yote, akayatapika juu ya kitambaa cheupe. Mhudumu alikikunja kitambaa kwa pembe zake nne, kama anayefunga furushi, akatandika kingine bila neno. Samaki wa kupaka alipofika, mtoto alikuwa amelala begani kwangu, na mkono uliomshika ulikuwa wa kulia. Baba yake alinilisha matonge mawili. La tatu lilimwangukia mtoto nyweleni, tukaomba hesabu.

Jumatano, 12 Februari

Kigari cha mtoto tulichotoka nacho Dar es Salaam hakina kazi hapa. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na vichochoro vyake vingi vinamtosha punda mmoja na mzigo wake. Asubuhi tulikutana na punda wanne wamebeba mifuko ya saruji. Punda haombi njia. Tulijibana ukutani, mume wangu akainua kigari juu ya kichwa chake, gurudumu moja likachomoka na kutumbukia kwenye mfereji wa maji machafu. Limebaki huko.

Mchana tulikula kwenye mkahawa mwingine, unaotazama bahari. Mhudumu, mzee wa makamo mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, alichutama mbele ya binti yangu, akanyoosha mikono: "Ndoo, mwanangu."

Binti yangu aligeuka huku na huku. Nyumbani ndoo ndiyo mchezo wake mkubwa. Hujaza, humwaga, hukaa ndani yake. "Iko wapi?" akauliza. "Ndoo, mama, ndoo," mzee akarudia kwa upole. Alipoona anatajiwa ndoo na ndoo haiji, alilia hadi meza zote zikageuka kututazama.

Ilinichukua muda kuelewa. Kwa Kiamu njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Ndiyo lahaja ambayo kwayo Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, na mimi nimekifundisha Kiswahili miaka tisa, lakini sikuwahi kuitwa kwa neno hilo. Nilipomweleza mzee, aliingia jikoni akarudi na kindoo cha barafu, akakifuta kwa upindo wa aproni na kumkabidhi mtoto kwa mikono miwili. Binti yangu alinyamaza. Alitia kamba sita, mmoja mmoja, mchuzi ukiwatiririka, akafuatisha kijiko, kisha simu ya baba yake. Simu bado inapiga, ila sauti inasikika kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Alhamisi, 13 Februari

Maji ya bamvua. Saa kumi jioni bahari ilipanda hadi ngazi za mkahawa, ikachukua kiatu cha kulia.

Changu wa kuchoma, niliyemtoa miiba kwa robo saa nzima, binti yangu alimshusha chini ya meza akampa paka. Paka wa Lamu ni wembamba, shingo ndefu. Huyu alianza kula kwenye shavu la samaki, polepole, macho kayafumba. Sikumgombeza mtoto. Tumemfundisha kwamba akila ampe na mwenzake, na pale wa kimo chake alikuwa paka.

Usiku mume wangu aliniuliza kama kesho tule chumbani. Nimekataa. Nimekulia kwenye nyumba ambayo watoto tulikuwa na sinia letu uani na wakubwa walikula barazani, na hadi leo sijui wazazi wangu walikuwa wakizungumza nini wakati wa kula. Huyu nataka akae mezani na sisi.

Ijumaa, 14 Februari

Tumerudi kwa yule mzee wa kofia, mapema, saa kumi na moja. Niliomba kama mtoto anaweza kupata wali mtupu kabla ya jiko kufunguliwa. Mpishi, mama wa makamo, alichungulia mlangoni. "Mwana ana ndaa na chakula kipo. Mwangoja nini?" Akambeba.

Wafanyakazi walikuwa wanakula nyuma ya jiko, mkekani: sinia la wali wa nazi, mchuzi wa samaki, kachumbari. Mpishi alimweka binti yangu ubavuni pake, akamnawisha. Alichambua mnofu, akaupitisha kidole gumba kutafuta mwiba, akafinyanga tonge dogo kama tende, akalipuliza, akaliweka kwenye kiganja cha mtoto. Alikula matonge saba. Niliyahesabu.

Sisi tulisimama mlangoni na viatu vyetu. Nyuma yetu meza ilikuwa tayari, kitambaa cheupe, glasi nne. Binti yangu aligeuka, mdomo umejaa, mkono umelowa mchuzi, akapigapiga mkeka.

"Mama, ndoo."

Niliangalia ukutani. Kile kindoo kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari, kikavu. Akapiga mkeka tena.

Nikavua viatu.