Mtoto wa Ngamiani Kasoma Mambo ya Nje

Ukisoma udaktari, watu wa Ngamiani watakuonyesha vidonda. Ukisoma sheria, watakuletea kesi za viwanja. Mimi nimesoma uhusiano wa kimataifa, basi naletewa kila kilichokosa mwenyewe.

Shangazi yangu ana ndugu Lungalunga, upande wa Kenya. Hakuna arusi ya kule inayompita, na hakuna arusi anayorudi nayo mikono mitupu. Akisimamishwa mpakani Horohoro na madumu yake ya mafuta ya kula, simu ya kwanza ni kwangu: "Mwanangu, hebu zungumza na hawa watu. Wewe si ndiye uliyesoma mambo ya nje?"

Nizungumze nini, shangazi? Mpaka huo Waingereza na Wajerumani walipatana juu yake mwaka 1886, wakaanzia mdomoni mwa mto Umba na kuwakata Wadigo pande mbili, arusi zao wasiziulize. Nikamweleza afisa historia hiyo yote kwa simu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza madumu ni mangapi.

Kijiweni kwa kahawa ndiyo balaa. Pale hakuna mwenye shahada, ila hakuna asiye na msimamo kuhusu Gaza, Ukraine na bei ya mafuta ghafi. Juzi nikajitia kueleza mkataba wa Westphalia wa mwaka 1648. Mzee mmoja akang'ata kashata yake, akaitafuna hadi ikaisha, ndipo akauliza: "Na huo nao ulilipa fidia?" Kumbe mzee hesabu zake ziko kwenye bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka hapa kwetu Chongoleani. Anajua Wafaransa wana hisa kiasi gani, Wachina kiasi gani, na kwa nini mwaka 2016 Waganda waliiacha Lamu wakaja kwetu. Mimi hayo niliyalipia ada. Yeye kayapata kwa bei ya kahawa, na kashata juu.

Nyumbani nako sipumui. Mama kasikia kuwa Dkt. Salim Ahmed Salim alikuwa balozi Misri mwaka 1964, akiwa na miaka 22. Nikiomba nauli tu, natajiwa umri huo. Chuo cha diplomasia pale Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ubia wa Tanzania na Msumbiji, siku hizi kinabeba jina lake, kwa hiyo sina pa kujitetea. Ila Mama hapendi kusikia kwamba mwaka 1981 Marekani ilimwekea Salim huyohuyo veto, ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa ukampita. Kama yeye alizuiwa, sembuse mimi ninayeomba kazi ya muda kwa wakala wa forodha na barua haijibiwi?

Nanyi jamaa zangu, kuanzia Pangani, Muheza hadi Mkinga: viza ya Marekani hutolewa na ubalozi wa Marekani, nao uko Dar es Salaam. Tafadhalini, msinitumie tena picha za pasipoti.